Hatua Kumi na Moja

Swichi ya taa ya maktaba iko upande usiofaa.
Fundi aliyeiweka, sijui mwaka gani, alifuata waya,
hakumfikiria mtu wa mwisho kutoka.
Kwa hiyo kila jioni nazima, kisha nahesabu
hatua kumi na moja gizani hadi mlangoni.
Miaka ishirini na sita. Sijawahi kugeuka nyuma.

Hapa Klaksvík, mwezi wa Desemba,
jua huchungulia kama mdai aliyekosa mtu nyumbani,
likajiendea zake kabla ya saa tisa.
Saa tisa na robo basi la shule linawamwaga,
na hao waja, viatu vikichuruzika maji,
moja kwa moja hadi rafu ya chini, karibu na bomba la joto,
nilipoweka vitabu vya mizuka.

Tróndur kwanza. Miaka kumi na minne, sauti imevunjika nusu,
nusu nyingine bado ya mama yake.
Kitabu hukitupa mezani: "Hakitishi hata chembe."
Kisha anabaki, anachezea zipu ya koti,
hadi apatikane wa kupita naye kando ya makaburi.

Durita hasemi kitu. Hutafuna mkono wa sweta
hadi uzi ulegee, na anaposoma
vidole vya miguu hujikunja ndani ya soksi,
naviona chini ya meza.
Akifika pabaya hukifunga kitabu
na kukikalia.
Hukikalia, nakwambia, kama kuku juu ya yai,
akatazama mvua inavyochapwa na upepo dirishani,
akavuta pumzi tatu, akakitoa tena.

Ziko hofu zisizokalika.
Simu inayolia saa nane za usiku
na baba yuko melini, kaskazini, kwenye barafu.
Picha iliyozungushwa darasani, na kicheko
kinachokatika ukiingia.
Mwili unaojigeuza bila kukuomba ruhusa.
Hizo hazina jalada, hazina namba ya ukurasa,
wala huzirudishi Jumatatu.
Lakini mfu huyu wa kwenye karatasi,
mwenye nywele za mwani, anayepanda ngazi,
hupanda kwa mwendo wa jicho lako.
Ukiacha kusoma, husimama,
mguu mmoja hewani,
akakungoja kwa adabu.

Novemba alikuja mama yake Durita, Bergtóra,
muuguzi, ametoka zamu, macho mekundu.
"Binti yangu halali. Taa inawaka hadi usiku wa manane.
Mnawalisha watoto maiti."
Jibu nilikuwa nalo, zuri kweli,
ila lilinijia siku mbili baadaye, nikiosha vyombo.
Kitabu, akasema, amekitia kabatini na kufuli juu.

Wiki tano. Niliandika barua ya kudai faini,
sikuituma.

Jana alikirudisha mwenyewe.
Alikiweka mezani taratibu, kifudifudi.
Ukurasa wa mia na kumi na mbili una doa la chai,
doa refu, la mkono ulioshtuka,
na Durita hanywi chai.
Akatazama kushoto, akatazama kulia.
"Huyu wa ngazini," akaninong'oneza,
"baada ya hapo… ndiyo basi? Hakuna kingine?"

"Kipo cha pili," nikamjibu,
"lakini anacho binti yako tangu Ijumaa.
Pangeni foleni huko huko nyumbani."
Akacheka akiziba mdomo,
kama mtoto aliyefumaniwa na sukari kinywani.

Leo nimezima taa.
Moja. Mbili. Tatu.
Wiki iliyopita fundi wa manispaa alinipigia:
swichi anaweza kuihamishia mlangoni,
kazi ya nusu saa, sitalipa kitu.
Nikamwambia asijisumbue.
Saba. Nane.
Kitu kimegonga kwenye rafu ya chini,
bomba linapoa, bila shaka.
Tisa.